Ruta Iliyojiona Iko Ng'ambo

Ruta ya nyumba ile ilihamishwa nchi siku ya Jumatatu, bila kuondoka juu ya kabati la sebuleni. Aliyeihamisha ni baba mwenye nyumba, fundi wa redio na televisheni ambaye mtaa mzima humwita Waya. Alikaa sakafuni asubuhi nzima, laptopu ya mkewe mapajani, kucha ya kidole gumba mdomoni, akisubiri kamstari kajae kwenye kioo. Kalipojaa, taa za ruta zilizimika zote, zikakaa hivyo mpaka Waya akaanza kumtaja Mungu, kisha zikawaka moja moja kama mtu anayefumbua macho asubuhi. Waya akashusha pumzi, akamwita mke wake aje kuona.

Na huyo mke ndiye aliyekuwa sababu. Mama Watatu, kama wanavyomwita kwa ajili ya wanawe, alikuwa amepata kazi ya kupokea simu za wateja wa kampuni ya majokofu, kazi ya kufanyia nyumbani, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Kazi yenyewe ni kuvaa hedifoni na kuvumilia watu waliokasirika kwa sababu nyama yao imeoza. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, na aliitaka kwa moyo wote, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kuitwa kazini kwa heshima tangu alipojifungua mtoto wa mwisho. Sharti la kampuni lilikuwa moja: kelele isisikike. Sasa nendeni mkaione nyumba yenyewe. Watoto watatu, sebule isiyo na mlango, na ukuta unaochangiwa na fundi wa mageti anayegonga chuma tangu asubuhi. Mahali pekee penye utulivu palikuwa stoo ya nyuma, na huko waifai ilikuwa inafika imechoka. Sauti yake ilikuwa inakatika katikati ya salamu. Msimamizi alikwisha kumwandikia barua mbili za onyo, na kila mtu anajua barua ya tatu huwa inasema nini.

Waya alimweleza mkewe jambo hilo la ruta kwa majivuno kidogo, kama ilivyo kawaida yake akipata msikilizaji. Ruta hizi hutoka kiwanda kimoja, alisema, ila kila nchi ina sheria zake za mawimbi, kwa hiyo huwekewa programu ya ndani kulingana na zinakouzwa. Ya hapa imeambiwa iseme polepole. Kuna nchi moja ya mbali, mashariki huko, wanairuhusu ipaze sauti. Yeye ameitafuta programu ya huko, ameipakia, na sasa ruta inajiona iko huko. Mama Watatu aliuliza kama hilo si kosa. Waya akamwuliza ni nani atakayekuja kuichungulia kabatini.

Na kweli ilifanya kazi. Stooni waifai ilijaa tele. Ukurasa wa ruta ulikuwa umejaa herufi za nchi ile ambazo hakuna aliyezijua, na saa yake ilikwenda kwa majira ya huko. Hapa jua la utosi, kwake giza limeshaingia.

*

Wiki ile Mama Watatu aliishi kama mtu aliyehama kidogo. Stoo ilikuwa na dirisha dogo juu, na mwanga uliopita pale ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, ukitua juu ya magunia, juu ya viatu vya watoto vilivyowabana, juu ya mikono yake. Simu zilikuja safi. Mtu alilalamika, yeye akasema pole, mtu akapoa. Kati ya simu na simu alifungua ule ukurasa wa ruta, akatazama saa yake, na kuwaza. Huko jioni imeingia. Watu wanafunga maduka, mama mmoja anaita watoto waingie ndani, na juu ya kabati la huyo mama imekaa ruta hii hii, taa zake zinapepesa. Alipenda kujua kwamba nyumbani kwake kuna kitu kimoja kilichokwisha kupoa wakati yeye anatoka jasho. Msimamizi alimwandikia neno moja tu: "Vizuri." Alilisoma mara nne, halafu akaenda kumwonyesha Waya, na Waya akasema ampelekee salamu ruta.

Hakuna aliyeangalia chumba cha mbele.

Chumba hicho ni cha Babu Gundi, baba yake Waya. Kwa miaka arobaini mzee huyu alifunga vitabu katika kiwanda cha kupiga chapa, akipaka gundi migongo ya vitabu ambavyo hakuwahi kuvisoma, katika kelele za mashine ambazo hazikumsumbua hata siku moja. Homa ya utotoni ilimchukulia masikio. Wiki hiyo hiyo dada yake naye ilimchukulia ya kwake. Wawili wale, bila shule wala mwalimu, walijitengenezea lugha ya mikono chini ya meza ya mama yao, na mpaka leo ni wao wawili tu wanaoijua yote. Watu wa nyumbani wanajua maneno ya kuombea chumvi. Waya anajua kama hamsini. Mama Watatu, ambaye ni mkwe tu, anajua zaidi ya mumewe, kwa kuwa yeye hutazama.

Dada huyo, ambaye nyumba nzima humwita Shangazi, aliolewa mbali, na sasa anaishi kwa bintiye katika nchi iliyo magharibi sana, ambako saa tisa ya alasiri ya hapa ni asubuhi. Miaka miwili iliyopita alimnunulia kaka yake tableti huko huko na kuituma. Tangu hapo, kila siku saa tisa kamili, Babu Gundi anafunga mlango, anaiegemeza tableti kwenye kikombe, na dada yake, ambaye ndiye hupiga siku zote, uso wake unatokea. Wanaongea nusu saa. Babu hupiga meza akitaka kusisitiza, na akicheka hucheka kwa sauti kubwa, nene, isiyojua kwamba ni sauti. Watoto wa nyumba ile walijifunza saa tisa kwa kicheko hicho kabla hawajajifunza kusoma saa.

Jumatatu ile saa tisa tableti haikuonyesha kitu. Jumanne vilevile. Babu hasomi, lakini majina ya waifai alikuwa akiyajua kwa maumbo yake. La kinyozi lilikuwepo. La fundi mageti lilikuwepo. La nyumbani kwake, ambalo siku zote lilikaa juu kabisa, halikuwepo. Akamfuata mwanawe mlangoni. Waya, mkoba wa vifaa begani, alimwinulia kiganja: subiri. Siku ya tatu aliishika tableti kidogo, akabonyeza hapa na pale, akasema kwa mdomo kwamba nayo imezeeka, akafanya ishara ya kesho. Kesho alikuwa na televisheni saba kibandani. Si kwamba Waya ni mtu mbaya. Ni mtu mwenye haraka, na mzee asiyesikia ni rahisi kumwambia kesho, maana hawezi kukujibu mgongoni.

*

Sasa fikiria ungekuwa wewe. Simu za watu wote nyumbani zinafanya kazi, tena kuliko zamani. Unawaona wameinama, wanatabasamu na vioo vyao. Ni yako tu iliyofungwa. Mkwe wako anajifungia stooni kutwa, na ukifungua mlango anakuinulia kiganja. Siku ya kwanza ya mambo haya ulimwona macho mekundu, na hukujua kwamba ni ile barua ya pili ya onyo. Mwanao akiongea na mkewe nawe ukaingia, wananyamaza. Babu Gundi alipanga mambo haya vizuri kama alivyozoea kupanga kurasa, na kitabu kilichotoka kilikuwa kimoja: dada yake amekufa, nao wamemzimia tableti asijue.

Wala hakuwa amechanganyikiwa. Mkewe alipofariki hospitalini walimficha siku mbili, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mikono ya kumwambia. Walimwambia asubuhi ya mazishi, kwa kumvalisha koti.

Kwa hiyo Ijumaa alilitoa koti lile sandukuni, akalivaa mwenyewe, akafunga vifungo vyote. Akakaa kitandani kwake akingoja waje kumchukua.

Hawakuja. Walimletea chakula, akala kidogo, halafu akaacha kabisa. Mama Watatu alisimama mlangoni na sinia, kama alivyofanya siku zote, kwa kuwa mkwe hakai chumbani kwa baba mkwe, akaona koti katika joto lile, akamwambia mumewe kwamba mzee anasikia baridi. Waya alimgusa paji la uso. Halikuwa la moto. Alinunua dawa ya homa hata hivyo, na Babu akazipanga zile tembe dirishani bila kumeza hata moja. Usiku na mchana wake vilikuwa kitu kimoja. Alikuwa anamwona dada yake chini ya ile meza, ana miaka mitano, anamfundisha neno la mvua.

*

Jumanne ya wiki ya pili, saa tisa kasorobo, Mama Watatu alikuwa na mteja mkali, mama mmoja mwenye jokofu la duka. Taa nyekundu kwenye kioo ilimwonyesha kwamba msimamizi anasikiliza. Mlango wa stoo ukafunguliwa. Babu Gundi alisimama pale katika koti lake, amenyolewa vizuri, viatu vimefungwa kamba.

Mama Watatu aliinua kiganja: subiri. Hakuacha kuongea na mteja.

Babu hakusubiri. Aligusa nyusi yake ya kushoto, mahali ambapo dada yake ana kovu la kudondoka na ndoo. Hilo ndilo jina lake. Akalaza shavu kiganjani. Akasugua vidole kama mtu anayepukutisha udongo. Halafu akageuza mikono yote miwili juu, mitupu, na kumtazama.

Lini mlimzika?

Mama Watatu aliyaelewa yote kwa mpigo, koti, sinia, tembe za dirishani, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alivua hedifoni, akaiweka juu ya gunia. Sauti ya mteja iliendelea kutoka humo, ndogo, ikiita halo, halo, mpaka alipoinyamazisha kwa kidole. Kisha akatikisa kichwa, akagusa nyusi yake, akafanya ishara ya kuwa hai, kifua kinachopanda na kushuka. Hajafa, Baba. Hajafa.

Babu alimtazama kwa makini, kama anayepima karatasi kwa jicho. Akamnyooshea kidole, akafungua na kufunga vidole vyake karibu na mdomo. Nani kakwambia?

Mama Watatu akajaribu kumkumbuka mtu huyo. Hakuna aliyemwambia. Waya alikuwa amepoteza simu mwezi uliopita, na namba ya binti wa Shangazi ilipotea humo; akanunua laini mpya na kila wiki anasema atawatafuta. Siku tisa zimepita. Bibi yule ana miaka sabini na nne. Alijikuta hajui, na Babu aliona kwamba hajui, akageuka na kurudi chumbani kwake polepole, mkono ukutani.

*

Mkewe alipompigia, Waya alikuja mbio, bisibisi bado sikioni. Safari hii aliketi na tableti kama anavyoketi na mali ya mteja. Aliwasha, akazima, akasogea nayo mpaka chini ya ruta yenyewe. Alitazama majina ya majirani kwa muda mrefu. Kisha akakaa sakafuni palepale alipokaa Jumatatu ile.

"Ni mimi," alisema.

Akaeleza kwa sauti ya chini, bila majivuno. Ruta tangu iwekewe programu ya ng'ambo inajichagulia chaneli ya kumi na tatu, ambayo huko inaruhusiwa. Nchi anayoishi Shangazi hawairuhusu, na vifaa vya huko havikufundishwa hata kuitafuta. "Ruta inapiga kelele nyumba nzima," alisema, "na tableti haiis..." Akaishia hapo. Alifunika uso kwa mikono yake yenye madoa ya risasi ya kuchomelea, na mkewe akamwacha kwanza.

Alijaribu kuibadilisha chaneli. Zile herufi zilimtazama naye akazitazama. Alibonyeza kwa kubahatisha, ruta ikazima, ikawaka, ikarudi kumi na tatu. Mara tatu hivyo. Mwishowe alisema kuna njia moja ya uhakika: programu ya zamani anayo kwenye flashi, anaweza kuirudisha. Lakini stoo itarudi kuwa kama zamani. Na laptopu ya mkewe ilikuwa wazi mezani, na juu yake ujumbe wa msimamizi: mteja amekatiwa simu, kesho watamsikiliza kutwa nzima, na uamuzi utafuata.

"Irudishe," alisema Mama Watatu.

"Na kazi yako?"

"Nimesema irudishe, baba. Tusipoirudisha, kesho nitamwambia nini yule pale ndani?"

Waya akaichukua flashi.

*

Jumatano, kabla ya saa tisa, jina la nyumba lilikuwa juu kabisa ya orodha, mahali pake. Babu alilitambua, lakini hakuvua koti. Waya alisimama nyuma yake. Mama Watatu alisimama mlangoni na laptopu kifuani na hedifoni shingoni, kwa kuwa stooni sauti ilikuwa imekatika tangu saa sita na hakujua aende wapi. Zamu yake ilikuwa inaendelea. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Saa tisa ikafika. Ikapita dakika moja. Ikapita ya pili. Mikono ya Babu ilikuwa magotini.

Dakika ya nne tableti ikaangaza.

Shangazi alikuwa amevaa nyeusi tangu kichwani. Nyuma yake, juu ya meza ndogo, ilisimama picha ya Babu Gundi akiwa kijana, na mbele ya picha kulikuwa na maua. Kaka na dada walitazamana bila kusogeza kidole. Mtu angedhani kioo kimeganda. Kisha bibi yule aligeuka nyuma, akaitazama picha, akageuka mbele, akamtazama mwenye picha, na mikono yake ikaanza.

Waya hakushika hata neno moja. Mama Watatu alishika robo, na robo hiyo ilimtosha. Ulikuwa wapi wewe. Siku tisa nakaa hapa. Nimekulilia siku tisa. Nirudishie machozi yangu, mwizi wewe. Na Babu Gundi akijibu huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola ya koti, kwamba yeye ndiye aliyelia zaidi, na hata chakula ameacha, je, yeye kaacha chakula? Shangazi akajibu kwamba hapana, alikuwa anakula vizuri tu. Babu akapiga meza.

Hapo ndipo simu ya kazi ilipoita.

Mama Watatu alirudi nyuma apate kukimbia, ingawa hakujua wapi. Babu hakusikia simu, lakini aliona uso. Alinyoosha mkono bila kuacha kumtazama dada yake, akamshika mkwe wake kifundo cha mkono, akasukuma kiti kwa mguu. Akafungua na kufunga vidole karibu na mdomo. Wewe, msemaji, kaa.

Akakaa, kwenye ukingo kabisa. Waya akatoka na kuvuta mlango. Ndipo Mama Watatu alipogundua kwamba nyundo ya fundi mageti imetoweka. Alitazama huku na huku. Kuta zote za chumba kile, tangu sakafuni hadi darini, zilikuwa zimebandikwa majalada mabovu ya kiwandani, karatasi ngumu juu ya karatasi ngumu, gundi juu ya gundi, za miaka arobaini. Alikuwa ameyaona mara elfu akiwa mlangoni na sinia. Hakuwahi kuingia akae, ndiyo maana hakujua kwamba chumba chenye ukimya kuliko vyote katika nyumba yao ni hiki, hatua nne kutoka kwenye ruta.

"Habari za mchana," alisema. "Karibu, nikusaidie nini?"

Alikuwa yule mama wa duka. Alianza upya tangu mwanzo: jokofu, nyama, jana alivyokatiwa simu kama mtoto. Sauti yake haikukatika hata mara moja. Mama Watatu alisema pole, akaandika namba ya jokofu, akaanza kumweleza kuhusu fundi. Na hapo Shangazi alisema kitu kwa mikono yake, kitu ambacho hakitajulikana kamwe, na Babu Gundi akacheka kile kicheko chake, chote, mpaka kikombe kikahama mezani.

"Huyo anayecheka ni nani?" aliuliza mteja.

Kampuni ilikuwa na maneno ya kusema mahali kama hapo: samahani kwa usumbufu, ni hitilafu ya mtandao. Mama Watatu aliyajua kwa moyo. Taa nyekundu ilikuwa inamtazama.

"Ni baba yangu," alisema. "Anaongea na dada yake. Siku tisa kila mmoja alidhani mwenzake amekufa."

Kwa mbali, dukani kwake, kulisikika mlango wa jokofu ukifungwa.

"Basi mwache amalize kucheka," alisema mteja. "Nitasubiri. Nyama imeshaoza, haina pa kwenda."

Mama Watatu alisema asante. Taa nyekundu ilizimika, kwa heri au kwa shari, atajua jioni. Pembeni yake Babu Gundi alikuwa anaongea kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa anafungua vifungo vya koti.